Kutoka njia ya nje: Seiko Hashimoto, barafu na bunge

Tarehe 18 Februari 2021, Seiko Hashimoto alikwenda kwa Waziri Mkuu Yoshihide Suga akiwa waziri wa Olimpiki, akamkabidhi barua ya kujiuzulu. Siku hiyohiyo bodi ya kamati ya maandalizi ya Tokyo 2020 ikamchagua kuwa rais wake. Kesho yake, wapinzani walipohoji vipi rais wa kamati ya Olimpiki abaki mfuasi wa chama tawala, akajitoa pia katika LDP, chama kilichomwingiza bungeni mwaka 1995.

Ndani ya siku mbili alikuwa amepoteza wizara na chama, na mkononi amebaki na michezo ambayo Wajapani wengi hawakuitaka. Ilikwishaahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya korona. Imebaki miezi mitano tu.

Kwa nini alikubali?

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na kila nikilishika linazaa lingine. Huyu ni mtu aliyejengwa na mbio za kuteleza kwenye barafu, mchezo ambao hakimu wake ni saa. Hakuna kushawishi mtu, hakuna kupigiwa kura. Akaenda kuishi miongo mitatu katika kazi isiyo na saa hata moja. Alibeba nini kutoka kule, na je, kilimfaa?

## Mita 1500

Medali yake ni moja tu, shaba ya mita 1500, Albertville, Februari 1992. Jacqueline Börner wa Ujerumani alishinda kwa 2:05.87. Gunda Niemann, Mjerumani mwenzake, akafuata kwa 2:05.92. Hashimoto alimaliza kwa 2:06.88. Kati ya dhahabu na shaba kulikuwa na sekunde moja na chembe. Hakuna mwanamke wa Japani aliyewahi kupata medali ya Olimpiki ya majira ya baridi kabla yake.

Waliowahi kukaa karibu na mbio hizi wanajua kwamba 1500 ndiyo umbali katili kuliko wote. Uwanja ni duara refu la mita 400, kwa hiyo mbio ni mita 300 za kwanza, kisha mizunguko mitatu kamili. Mita 500 ni za kasi tupu. Katika mita 5000 mtu huchagua mwendo na kuushikilia. 1500 zinakutaka uanze karibu na kasi ya mwisho huku ukijua kwamba mzunguko wa pili utakuwa wa polepole kuliko wa kwanza na wa tatu utakuwa mbaya zaidi. Mshindi huwa ni yule ambaye kasi yake inashuka kidogo kuliko ya wenzake.

Kinachoishusha ni mkao. Mchezaji anainama hadi mgongo unakaribia kulala sawa na barafu, magoti yamekunjwa kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mkao huo unapunguza upepo kifuani, lakini pia unabana damu isifike vizuri kwenye mapaja, maana msuli unabaki umekazwa muda wote mguu unapoteleza. Asidi inajaa. Mwili unaomba kuinuka. Ukiinuka hata kidogo, upepo unakupiga na msukumo wa mguu unafupika, na sekunde uliyoitafuta mwaka mzima inapotea katika kona moja.

Viatu navyo vilikuwa vya zama za kabla ya kisigino kinachoachia. Chuma, kirefu cha zaidi ya sentimita 40 na chenye unene wa milimita moja na kitu, kilikuwa kimefungwa mbele na nyuma. Ukisukuma kwa ncha ya mguu, kama mkimbiaji anavyofanya, ncha ya chuma inachimba barafu na kukupiga breki. Kwa hiyo ulilazimika kukaza kifundo na kusukuma kwa upande, kisigino kikiwa bado chini. Viatu vyenye bawaba, vinavyoruhusu kisigino kuinuka huku chuma kikibaki kwenye barafu, vilienea kuanzia msimu wa 1996–97, na huko Nagano 1998 rekodi zikaanza kuanguka. Hashimoto alikuwa ameshaacha barafu.

Makali hunolewa kwa mkono. Viatu viwili hufungwa kwenye fremu, chuma juu, na jiwe bapa hupitishwa kwa mshazari hadi ukucha uhisi kikwaruzo cha chuma pande zote mbili. Kisha jiwe dogo hupita ubavuni kukiondoa. Fremu ikikaa upande hata kidogo, ukingo mmoja hubaki juu kuliko mwingine, na hilo hulijui mpaka uko kwenye kona na mguu unakukimbia. Na Albertville ilikuwa Olimpiki ya mwisho ya mbio hizi kufanyika nje, kwenye upepo na barafu inayobadilika kadiri saa zinavyokwenda.

Kuna kanuni moja ya mchezo huu ambayo lazima niitaje. Wachezaji wawili hukimbia pamoja, mmoja njia ya ndani, mwingine njia ya nje, na kila mzunguko hubadilishana kwenye mstari ulionyooka. Wakifika pamoja pale, anayetoka njia ya nje ndiye mwenye haki ya kupita. Aliye ndani, ambaye ametoka kwenye kona fupi, ndiye anayepaswa kusubiri. Akisababisha mgongano, anaondolewa.

## Miguu ileile

Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1964 Hokkaido, siku tano kabla ya ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, na baba yake akampa jina kutokana na mwenge wa michezo ile. Utotoni aliugua figo na kulazwa. Historia hiyo imesimuliwa sana Japani, na sina haja ya kuirudia.

Kinachonivuta zaidi ni hesabu ya michezo aliyoshiriki. Olimpiki nne za baridi: Sarajevo 1984, Calgary 1988, Albertville 1992, Lillehammer 1994. Tatu za kiangazi, kwa baiskeli: Seoul 1988, Barcelona 1992, Atlanta 1996. Jumla saba.

Baiskeli na barafu si ndoa ya ajabu. Paja na makalio ndiyo injini ya michezo yote miwili, na wachezaji wa barafu hupanda baiskeli kiangazi kizima kwa sababu barafu haipo. Christa Luding-Rothenburger wa Ujerumani Mashariki alipata dhahabu ya mita 1000 Calgary na fedha ya baiskeli Seoul ndani ya mwaka huohuo wa 1988. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Lakini kuna gharama. Kwenye baiskeli kiti kinabeba uzito wako na mguu unasukuma chini. Kwenye barafu mguu mmoja unabeba kila kitu na mwingine unasukuma kwa upande. Ukikaa miezi mingi kwenye baiskeli, nyonga inasahau upande. Unarudi na mapaja yenye nguvu na kona mbovu, na inabidi uianze upya kwa mazoezi ya kuruka na kuteleza kwa upande kwenye nchi kavu. Baiskeli ina hatari yake pia. Börner, yule aliyemshinda Albertville, aligongwa na gari mwaka 1990 akiwa mazoezini kwa baiskeli.

Sasa tazama mashindano yenyewe. Calgary 1988 alikimbia masafa yote matano, kuanzia 500 hadi 5000, na 5000 ya wanawake ilikuwa imeingizwa Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka ule. Mbio fupi za baiskeli za wanawake ziliingia Seoul 1988, alikuwepo. Mita 3000 za kufukuzana ziliingia Barcelona 1992, alikuwepo. Mbio za pointi ziliingia Atlanta 1996, alikuwepo.

Kila mlango uliofunguliwa kwa wanawake, yeye alikuwa tayari amesimama kizingitini.

Hakuandika ilani kuhusu jambo hilo. Alifika tu, mwili ukiwa tayari. Nadhani hapo ndipo ilipo sehemu ya jibu langu.

## Jina kwenye orodha

Mwaka 1995 aligombea Baraza la Juu kwa tiketi ya LDP, akashinda, naye bado ni mwanariadha. Aliyemvuta ni Yoshiro Mori, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama, baadaye Waziri Mkuu kuanzia 2000 hadi 2001.

Utaratibu una maana hapa. Wabunge wa Baraza la Juu hukaa miaka sita, na nusu yao huchaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Baadhi ya viti hugawanywa kwa uwiano wa kura za vyama nchi nzima. Msomaji wa Tanzania asifikirie viti maalumu. Hivi ni vya jinsia zote na mpigakura hupiga kura ya moja kwa moja kwa ajili yake. Mwaka 1995 mpigakura aliandika jina la chama, na chama ndicho kilichopanga nani awe juu kwenye orodha. Kuanzia 2001 anaweza kuandika jina la mgombea mwenyewe. Kura hiyo inahesabiwa kwa chama, na pia inampandisha mgombea huyo dhidi ya wenzake wa orodhani.

Ndiyo maana vyama vinawataka wanariadha. Mtu anayejulikana kutoka Hokkaido hadi Okinawa analeta kura za watu ambao wasingekiandika chama. Bei yake ni kwamba mbunge wa namna hiyo hana jimbo. Hana barabara ya kujenga wala soko la kutembelea. Mlezi wake ni chama, na ndani ya chama, kundi lake.

Atlanta 1996 alishindana akiwa mbunge aliye kazini, akifanya mazoezi alfajiri kabla ya vikao. Walikuwepo waliouliza kama mbunge analipwa ili aendeshe baiskeli. Swali lilikuwa la haki. Mimi naona jibu la haki pia: kwa mbunge asiye na jimbo, aliyeingia kwa ajili ya jina lake la michezo, kushindana kulikuwa ahadi aliyopigiwa kura. Tatizo lingekuja baadaye, baiskeli itakapowekwa kando na kubaki siasa yenyewe.

## Udhuru

Mwaka 2000 alijifungua.

Hakuna mjumbe wa Baraza la Juu aliyewahi kujifungua akiwa madarakani kabla yake. Katika Bunge zima la Japani ilikuwa imepita takriban nusu karne tangu Tenkoko Sonoda wa Baraza la Chini ajifungue mwaka 1949. Kanuni za kutohudhuria zilitaja kazi rasmi, ugonjwa na dharura nyingine ya muda. Kujifungua hakukutajwa. Mbunge mwenye mimba angepaswa kuandika kwamba amepatwa na dharura, kama aliyevunjika mguu njiani.

Kanuni ikabadilishwa. Neno "kujifungua" likaingizwa kwenye orodha ya sababu, na Baraza la Chini likafuata mwaka 2001.

Badiliko ni dogo ukilipima kwa mizani ya sheria. Halikuleta mbunge wa kushika nafasi, wala haki ya kupiga kura ukiwa nyumbani na mtoto. Usipokuwepo ukumbini, kura yako haipo. Lakini wanawake waliojifungua wakiwa wabunge wa Japani tangu hapo wameweza kuutumia mstari ule. Na mstari ule haukutokana na hotuba kali. Ulitokana na mwili uliofika mahali ambapo kanuni haikuutarajia.

Wakenya wanaijua hali hii. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini na mtoto wake mchanga na akaamriwa kutoka. Yeye alisema kwa sauti kile ambacho Hashimoto alikifanya kimyakimya, na sijui kama mmoja ana ujasiri kuliko mwenzake.

Hapa nilianza kuona mchoro. Mahali ambapo mwili wa Hashimoto umegongana na kanuni, kanuni imehama. Mahali ambapo ametakiwa kusema, kupinga, kumkatalia mkubwa, rekodi yake ni nyembamba. Mchezo ulimfundisha kuvumilia mkao unaouma. Haukumfundisha kuinuka.

## Mori

Tarehe 3 Februari 2021, Mori, akiwa rais wa kamati ya Tokyo 2020, alisema kwamba mikutano yenye wanawake wengi huchukua muda mrefu. Tarehe 12 akajiuzulu. Aliyewekwa kiti chake ni Hashimoto, mtu ambaye wengi walimwita binti yake wa kisiasa.

Kwetu husemwa mkono unaokulisha haukatwi. Hashimoto hakuukata. Alizungumzia kurejesha imani na usawa wa kijinsia, akaanza kazi. Waliotaka amlaani mlezi wake hadharani hawakupata walichokitaka.

Naye hakuwa bila doa. Baada ya Sochi 2014, ambako aliongoza ujumbe wa Japani huku pia akiwa rais wa shirikisho la kuteleza la nchi hiyo, jarida moja lilichapisha picha zake akimbusu mchezaji nyota wa kuteleza kwa madoido katika sherehe. Mchezaji alikanusha kwamba alinyanyaswa. Hashimoto aliomba radhi wakati ule, na 2021 picha ziliporudi akaeleza majuto yake tena. Kwangu radhi hiyo haimalizi jambo. Rais wa shirikisho ana sauti juu ya riziki ya mchezaji, na mchezaji aliye chini ya mkono huo hawezi kukataa kwa urahisi, hata akisema kesho yake kwamba hakukuwa na neno. Angekuwa mwanamume amembusu mchezaji wa kike, pengine asingefika kwenye kiti kile.

Nimelipima hilo dhidi ya kanuni ya 2000 na sijapata uzani unaolingana.

## Wajumbe 45

Ndani ya wiki chache tangu achaguliwe, wanawake 12 waliongezwa kwenye bodi. Wakawa 19 kati ya wajumbe 45, yaani takriban asilimia 42, kutoka kama asilimia 20. Miongoni mwao alikuwemo Naoko Takahashi, bingwa wa marathoni wa Sydney 2000, yule ambaye rekodi yake ya dunia ya Berlin 2001 ilidumu wiki moja tu kabla Catherine Ndereba hajaivunja Chicago.

Tazama njia aliyoitumia. Aliongeza viti. Waliokuwepo, karibu wote, walibaki. Ni njia ya haraka na haimwaibishi mtu, na kwa michezo iliyobakiza miezi mitano pengine ndiyo pekee iliyowezekana. Lakini bodi ya watu 45 haiwezi kujadili. Inasikiliza taarifa na kupitisha. Kila anayeongezwa anapunguza uzito wa kura ya mwenzake, na maamuzi yanahamia kwenye vyumba vidogo. Kizuizi kwa watazamaji kutoka nje kilitangazwa tarehe 20 Machi, na tarehe 8 Julai ikaamuliwa kwamba viwanja vya Tokyo vitakuwa vitupu. Maamuzi yote mawili yalifanyika katika vikao vya wakubwa watano: kamati, serikali, jiji la Tokyo, na kamati za kimataifa za Olimpiki na Paralimpiki.

Mwaka mmoja baada ya michezo, Agosti 2022, mjumbe wa bodi hiyohiyo, aliyewahi kuwa mkubwa katika kampuni ya matangazo ya Dentsu, alikamatwa kwa tuhuma za kupokea fedha kutoka kwa wadhamini. Kamati ilikuwa imeshavunjwa tangu mwisho wa Juni. Hashimoto hakutuhumiwa katika shauri hilo. Hata hivyo alikuwa rais, na bodi kubwa isiyouliza maswali ndiyo aliyoirithi na kuipanua.

Mashaka hayo yalipagharimu nyumbani kwao. Sapporo, mji mkuu wa Hokkaido, uliacha kuiwania Olimpiki ya baridi ya 2030 mnamo Oktoba 2023.

## Kiti cha sasa

Halafu ikaja kashfa ya fedha za makundi ndani ya LDP. Hashimoto, aliyekuwa amerudi chamani, alikuwa miongoni mwa wabunge wa kundi la marehemu Shinzo Abe ambao mapato yao ya hafla za kuchangisha hayakuandikwa kwenye taarifa za fedha. Kwake yeye ni zaidi ya yeni milioni 20 kwa miaka mitano. Chama kilimwadhibu mwaka 2024.

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu halihitaji kipaji wala ujasiri wa ajabu. Linahitaji mtu aulize: hizi ni za nini, na zimeandikwa wapi? Mchezaji anayekagua ukingo wa chuma kwa ukucha kabla ya kila mbio alikuwa na jicho la kuuliza. Alikaa katika mkao aliofundishwa, pamoja na wengine wote wa kundi.

Juni 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Japani, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wapo waliosema hastahili kwa sababu ya fedha zile. Wapo waliosema hakuna Mjapani anayeijua Olimpiki kutoka pande zote kama yeye, na hilo ni kweli kabisa: mchezaji wa michezo saba, mkuu wa ujumbe, waziri, mwandaaji.

Nikirudi kwa swali la Februari 2021, nadhani alikubali kwa sababu hajawahi kuukataa mstari wa kuanzia aliopangiwa. Huo ndio uzuri wake wote na udhaifu wake wote. Katika kiti hiki kipya, kazi ya kwanza ambayo ningemtaka aifanye ni ya kuchosha na haina picha: mikataba ya udhamini iwekwe hadharani, kiasi kwa kiasi, na jina la aliyeisaini. Hapo hatapangiwa njia na mtu. Itabidi aichore mwenyewe, na ampishe nani apite mbele, aliye ndani au aliye nje, litakuwa neno lake yeye.